Uzi Hauna Kosa

Redio ya valvu (ile ya zamani yenye taa za kioo ndani) iliyokuwa mezani kwangu wiki hii ina ugonjwa nilioukuta mara nyingi: ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni, mshale unabaki pale pale, kisha unaruka ghafla na kuipita stesheni uliyoitaka. Wengi hapo huulaumu uzi unaounganisha kitufe na mshale, wakaubadilisha au wakaifupisha springi inayouvuta ili uzi ukaze. Nilifanya hivyo katika redio yangu ya kwanza, na uzi mpya haukumaliza wiki kabla ya kukatika.

Uzi huteleza kwa sababu kile unachokivuta kimegoma. Mara nyingi ni kapasita ya kuzungusha, kifaa kinachochagua stesheni: lile fungu la mabamba membamba yanayoingia na kutoka kati ya mabamba yasiyosogea. Shafti yake huzungukia juu ya gololi zilizopakwa grisi kiwandani, na grisi hiyo ikikaa miaka 60 au 70 huganda mfano wa nta kuukuu. Kwa hiyo, kabla ya kuigusa springi, mimi huulegeza uzi kutoka kwenye gurudumu kubwa la kapasita hiyo na kuizungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito, hapo ndipo pa kuanzia.

Yote haya hufanywa redio ikiwa imechomolewa kwenye umeme na kapasita zake kubwa, zile zinazohifadhi umeme, zimekwisha kutolewa chaji. Zipo redio zisizo na transfoma ambazo fremu yake ya chuma imeungwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, na hizo hazina mzaha.

Hufunga mabamba yaingiane kabisa ili yasipindwe na bisibisi, kisha hudondoshea spiriti safi kwenye gololi, nikizungusha shafti huku na huko mpaka uchafu utoke. Hurudia mara tatu au nne, na mwisho hutia grisi mpya kidogo sana. Mafuta ya kupuliza siyapendi hata kidogo, kwani hutua kwenye mabamba na kukusanya vumbi. Kile kibati chembamba kinachoigusa shafti ili kuiunganisha na fremu nacho husafishwa, maana kikichafuka redio hukwaruza kila unapotafuta stesheni.

Usumbufu huu una sababu. Masafa ya kati, kuanzia kilohezi 530 hadi 1600 hivi, yote hupitiwa katika nusu mzunguko wa shafti. Stesheni zikipangwa kila baada ya kilohezi 9, kila moja hupata wastani wa digrii moja na nusu tu ya mzunguko, kwa hiyo ulegevu usioonekana kwa macho husikika waziwazi masikioni.

Uzi ukiwa umechakaa kweli, chora kwanza njia yake yote kabla ya kuutoa; mimi niliwahi kuiamini kumbukumbu yangu na nikapoteza jioni nzima. Tumia uzi uliosukwa usiovutika, kwa kuwa ule wa nailoni wa kuvulia samaki hurefuka. Kwenye shafti ya kitufe, mizunguko miwili au mitatu yatosha. Ikizidi, uzi hujipanda.

Redio hii haikuhitaji hayo. Baada ya spiriti na grisi, uzi wake wa zamani umeshika vizuri, na kazi iliyobaki ilikuwa kuisogeza klipu ya mshale hadi ikalingana na stesheni ninayoijua masafa yake, kisha kuidondoshea gundi kidogo isihame.