Kopo la madini la shangazi

Jumamosi moja mwezi wa nne nimefika kwa shangazi Mbagala, nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba, na kabla hata sijakaa akaninyooshea kopo jeupe alilokuwa analiweka juu ya friji. We si unasoma soma, haya soma hapo nyuma uniambie kama hii kitu inashusha sukari kweli. Kumbe kauziwa na dada mmoja wa jumuiya yao, elfu themanini na tano, vidonge sitini, na nusu ameshavimeza.

Maandishi yenyewe madogo kama punje za ulezi, nikawasha tochi ya simu. Kromiumu mikrogramu 200, zinki miligramu 15, seleni mikrogramu 100, manganizi, vanadi, na magnesiamu miligramu 20. Mbele kuna picha ya tone la damu na mshale unashuka. Hapo kwenye magnesiamu nilicheka kidogo maana mtu mzima anahitaji kama miligramu 300 hadi 400 kwa siku, sasa hiyo 20 ni kama kumrushia tembo karanga moja halafu useme umemlisha.

Mi sio daktari naomba hilo lieleweke. Ila shangazi ana sukari mwaka wa tisa huu, mi ndo nampeleka kliniki, na nikianza kusoma kitu huwa silali. Kwahiyo nilivorudi nyumbani nikakaa nalo.

Niseme ukweli, yule dada hakudanganya kila kitu, na ndo maana biashara yao inaingia kirahisi. Chukua zinki. Kongosho ikitengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haiimwagi hivi hivi, inaihifadhi kwenye seli zake kwa vifurushi, molekuli sita sita, na katikati ya kila kifurushi kuna atomu mbili za zinki zimeishikilia isiachiane, halafu ikishatoka kwenda kwenye damu kile kifurushi kinafunguka insulini inaanza kazi. Nilivosoma hiyo nikasema aisee. Yani bila zinki hata ghala la insulini halikai sawa. Lakini sasa nyumba inahitaji misumari, sawa, ila kama nyumba yako ina misumari ya kutosha na tatizo ni mlango haufunguki, ukinunua kilo tano zingine za misumari mlango utabaki vilevile. Sukari ya shangazi, hii aina ya pili, kwa sehemu kubwa ni mlango: insulini ipo, mwili hauiitikii vizuri.

Kromiumu ndo yenye stori ndefu. Miaka ya 1950 huko Marekani Klaus Schwarz na Walter Mertz walikuwa wanalisha panya chakula cha namna fulani, wakaona panya wanashindwa kuondoa sukari kwenye damu, wakiwapa hamira ya pombe wanakaa sawa, na mwaka 1959 wakatangaza kwamba kinachofanya kazi humo ni kromiumu. Halafu 1977 ikatoka ripoti ya Toronto, Kanada, mgonjwa aliyekuwa analishwa kwa mshipa miaka kadhaa, sukari ikaanza kupanda na mishipa ya fahamu ikaharibika, wakamwongezea kromiumu akapata nafuu. Halafu 1997 ukaja utafiti wa China, watu 180 wenye sukari aina ya pili, miezi minne, waliopewa kromiumu sukari yao ikashuka, na waliopewa dozi kubwa ya mikrogramu 1,000 ilishuka zaidi.

Vipeperushi vyote vya wauzaji huwa vinaishia hapo hapo China.

Kilichofuata hawakwambii. Watu wengine walirudia sehemu zingine, wengine wakaona kitu kidogo, wengine hawakuona kabisa. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kampuni ziandike kwenye kopo habari ya kromiumu na sukari, ila kwa sharti waandike kwamba ni utafiti mmoja mdogo tu na kwamba uhusiano wenyewe una mashaka makubwa, sasa nionyeshe kopo la huku lenye hayo maneno. Na 2014 mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haioni hata sababu ya kupanga kiwango cha kromiumu cha kula kwa siku. Kumbuka pia yule mgonjwa wa Toronto alikuwa halishwi chakula, ni dripu. Shangazi yangu anakula dagaa na mchicha kila siku, sio mtu wa dripu.

Iliyonishtua ni seleni. Marekani walifanya utafiti wakiwapa watu mikrogramu 200 kila siku, wenyewe walikuwa wanatafuta habari ya kansa ya ngozi, halafu 2007 wakarudi kuangalia wale kama 1,200 ambao hawakuwa na sukari mwanzoni, wamefatiliwa karibu miaka minane, wakakuta waliokuwa wanakula seleni ndo waliopata kisukari kwa wingi kuliko waliopewa kidonge cha uongo, kile kisicho na kitu ndani. Soma tena hiyo. Na seleni hiyo hiyo imo kwenye kopo lenye mshale unaoshuka. Zinki nayo ina kikomo, miligramu 40 kwa siku kwa mtu mzima, ukipitiliza muda mrefu inazuia mwili kunyonya shaba, unaanza kuumwa kingine kabisa.

Lakini hayo yote ningeyavumilia, elfu themanini na tano imeenda imeenda. Kilichonitoa jasho ni daftari, nililiona siku ile ile kabla sijaondoka kwake. Shangazi ana daftari la mistari, lile dogo la shule, anaandika sukari ya asubuhi kabla hajala, kwa bluu. Nikafungua. Wiki za nyuma 7.8, 8.1, 7.5. Halafu ghafla 10.9. Halafu 12.3. Halafu Alhamisi 14.6. Nikamuuliza shangazi, metformini, ile dawa yako ya sukari, unameza? Akaangalia pembeni. Aliambiwa dawa za hospitali ni kemikali, asizichanganye na virutubisho, kwahiyo ameziacha wiki tatu. Wiki tatu jamani! Na hapo anajisikia kukojoa usiku mara nne anasema ni uzee.

Sikugombana nae, huwezi kumgombeza shangazi yako mkubwa kwenye nyumba yake. Nilimwekea tu lile daftari mbele nikamwambia hii mwandiko wa nani. Jioni ile ile tukampigia nesi wa kliniki, akamwambia arudie dawa zake na Jumatatu aje mwenyewe, na mi nikabeba na kopo wakalione. Hiyo naipendekeza kwa kila mtu, usiende kusimulia, beba kopo.

Sasa wengi wataniuliza madini tupate wapi. Mbegu za maboga, dagaa, maharage, korosho, nyama ukiwa nayo. Ugali wa dona badala ya sembe, maana sembe wamekoboa wametupa kiini na pumba na zinki nyingi imekaa huko, ila dona nayo ina kitu kinaitwa faiteti kinachoikamata hiyo zinki tumboni isinyonywe vizuri, na bibi zetu bila maabara walikuwa wanaroweka, wanaotesha kimea, wanachachusha, na kufanya hivo faiteti inapungua. Togwa basi ina akili ndani yake. Ila kwa mwenye sukari togwa ni kikombe sio jagi, na dona ni ugali vilevile, ukila mlima sukari inapanda tu.

Nirudi kliniki. Daktari kaliangalia kopo, akauliza kwanini hasa ulilinunua mama, na hapo ndo shangazi akasema kitu ambacho hata mi alikuwa hajaniambia. Miguu. Ganzi toka mwaka jana, kama anakanyaga pamba, na yule dada alimwambia ni upungufu wa madini. Daktari hakucheka. Akasema sukari yenyewe inaweza kuleta ganzi, lakini pia mtu akimeza metformini miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka, na dalili zake ni hizo hizo, akaandika kipimo. Majibu yakaja B12 iko chini. Kwahiyo upungufu ulikuwepo kweli, sio wa madini, na kwenye kopo lile B12 haimo hata chembe. Metformini hajaachishwa, kaanzishiwa sindano za B12.

Juzi nimepita tena. Sukari ya asubuhi 7.9. Mguu wa kushoto anasema anausikia sakafu ya saruji ilivo baridi, wa kulia bado. Kopo liko pale pale juu ya friji na vidonge vyake thelathini, hataki nitupe, anasema ile ni pesa, anamsubiri yule dada amrudishie.