Makombe ya baharini yaliota unga mweupe, ndo nikaanza kuziangalia kuta upya

Mvua ya leo imenifungia ndani, basi acha niandike hii habari ambayo watu wameniuliza sana, kwamba kwa nini siku hizi nikipewa kazi ya kupanga maonyesho sitaki tena MDF (zile mbao za kiwandani) wala mabango ya fleksi, yale ya plastiki, na kwa nini fundi akija na mfuko wa simenti kwenye nyumba ya zamani namsimamisha mlangoni kwanza tuongee.

Mwaka juzi tulifanya maonyesho madogo ya uvuvi kwenye nyumba moja hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, chumba kimoja cha chini, kirefu na chembamba kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba hizi (dari linabebwa na boriti za mikoko na boriti nzuri haivuki sana mita tatu, kwa hiyo mti ndo uliopima chumba, na sio hapa tu, hata nyumba za Oman na Yemen zilizojengwa kwa boriti zilizotoka huku zina vyumba vya upana huohuo). Babu mmoja aliyevua maisha yake yote akatuazima makombe yake, amekusanya tangu kijana, mengine ameyatoa chini mwenyewe kwa kupiga mbizi. Tukayatengenezea kabati la MDF, rangi nyeupe, kioo juu, silikoni pembeni kote vumbi lisiingie. Lilipendeza kwa kweli.

Baada ya miezi minane nikafungua nisafishe. Kitu cha kwanza ni harufu, harufu ya siki kabisa, halafu nikanyanyua kauri moja kubwa ya madoadoa nikaona vidole vimebaki na unga mweupe kama chumvi, nikapangusa unga ukatoka na mng'ao ukaenda nao, chini yake kumebaki kama chaki. Kumi na moja yalikuwa hivyo. Nilikaa chini pale sakafuni muda mrefu, sijui nimwambie nini yule babu.

Kumbe jambo hili lina zaidi ya miaka mia linajulikana. Muingereza mmoja anaitwa Byne aliliandika mwaka 1899 akidhani ni ugonjwa wa makombe, baadae ikajulikana sio ugonjwa, ni mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, ile asidi iliyomo kwenye siki na nyingine inaitwa asidi ya fomiki, inakula kombe taratibu na kuacha chumvichumvi juu. MDF ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi ya formaldehaidi, ndani ya kabati lililozibwa kwenye joto letu na unyevu wetu inakuwa kama chungu kinachochemka polepole. Na sisi tulikuwa tumeziba kila tundu!

Hapa ndo kuna jambo ambalo linaniuma nikisikia watu wanasema "tumia vya asili tu utakuwa salama". Mbao halisi pia inatoa asidi, zingine kali zaidi. Uasili wa kitu haukwambii kitafanya nini kikikaa mwaka mzima jirani na kombe au madini ya risasi au shaba, lazima ukijaribu. Watu wa British Museum, makumbusho ya London, wana jaribio lao la tangu 1973, aliyelianzisha ni Andrew Oddy, unafungia kipande cha kitu unachotaka kutumia pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28, halafu unatazama madini yamebadilika vipi. Mi sina maabara ila nina paa la bati na jua. Nikachukua chupa za jemu, kila moja nikatia chubwi la mshipi ambalo ni risasi, kipande cha waya wa shaba niliouvua kwenye kebo ya umeme, kijipande cha kombe bovu, pamba iliyoloa, na kitu kimoja ninachokijaribu, nikazipanga juu ya bati mwezi mzima. Sio jaribio la kitaalamu nalijua hilo, lakini chubwi la chupa ya MDF lilitoka jeupe kama limepakwa unga. La ubao mbichi wa mwembe nalo lilipauka. Kitambaa cha marekani kilichofuliwa vizuri mara tatu, risasi ikabaki kama ilivyoingia. Kipande cha plasta ya chokaa kavu, safi kabisa.

Hiyo chupa ya chokaa ndo iliyonirudisha kwenye ukuta wa kile chumba cha maonyesho.

Wakati tunapanga yale maonyesho ukuta wote wa ndani tuliufunika kwa mbao za MDF ili tupate pa kubandika mabango. Sasa tunazibandua, nyuma yake tukakuta vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vitatu, kimoja kimezibwa kwa matofali na simenti, viwili vizima na upinde wake juu na kingo zilizochongwa kwa mkono. Yaani wazee walishajenga kabati la maonyesho ndani ya ukuta! Nenda Lamu utazame zile kuta za zidaka, ngazi kwa ngazi mpaka juu, sahani za Kichina na mabakuli vilikuwa vinapangwa humo mgeni akiingia avione. Kidaka ni chokaa tupu, hakina gundi, hewa inapita, na chokaa yenyewe ni adui wa asidi kwa hiyo hata kukiwa na mvuke kidogo chumbani ukuta unaunywa. Na kombe lenyewe ni nini kama sio chokaa hiyohiyo, matumbawe, kombe, plasta vyote ni kitu kimoja, ukichoma kombe kwenye tanuu unapata chokaa ya kupaka ukutani. Tulitoa ndugu na ndugu tukawatenganisha na ubao wa dukani.

Lakini ukuta ulikuwa unaumwa. Kabla yetu kuna mtu aliwahi kuupiga plasta ya simenti sehemu ya chini, kama kimo cha kiuno, maana kulikuwa na unyevu na akaona simenti itauzuia. Simenti haiuzuii, inaufungia ndani. Maji yanapanda kutoka chini kwenye mawe, zamani yalitokea nje kupitia chokaa yakakauka, sasa yakifika kwenye simenti yanatafuta njia ya juu, yanapanda na chumvi yake, na yanaweza kufika mpaka kwenye vichwa vya boriti. Nilichukua bisibisi nikadunga kichwa cha boriti ya tatu kutoka dirishani, ikaingia mpaka mpini kama inaingia kwenye mkate. Boriti ya nne ngumu kama chuma, bisibisi ikateleza. Tofauti ya hatua moja tu. Toka siku ile sehemu ya Jumba la Maajabu, lile jumba la zamani la hapahapa Mji Mkongwe, ilipoanguka, Desemba 25 mwaka 2020, watu wawili wakafa, mimi boriti laini siichukulii kama kitu kidogo.

Fundi aliyetusaidia ni mzee sana, namwita Maalim maana kila ninachojua kuhusu chokaa kanifundisha yeye. Nilimuuliza, Maalim, tuichimbue simenti yote? Akasema, "Mwanangu, toa taratibu kwa patasi, usipige nyundo ya hasira, jiwe la ndani laini kuliko unachokitoa." Ilituchukua wiki mbili. Tukaacha ukuta uchi miezi miwili ukauke, halafu chokaa iliyolazwa shimoni chini ya maji, na mchanga na udongo mwekundu kidogo, tabaka tatu nyembamba, kila moja inasubiriwa. Mwenye haraka chokaa haimtaki. Ila huo muda ndo chokaa inavuta hewa ya ukaa irudi kuwa jiwe, ile iliyotoka wakati jiwe linachomwa, na inachomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi wakati simenti inataka kama 1,450, na simenti duniani peke yake inatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Sisemi chokaa haina gharama, tanuu linakula magogo ya minazi mengi, na boriti mpya ukizitaka lazima uulize zimekatwa wapi maana mikoko imekatwa mno, Kenya walizuia kusafirisha boriti nje tangu 1982. Sisi tulibadilisha boriti mbili tu, zingine tulikata kichwa kibovu tukaunga.

Mabango sasa ni marekani iliyochapwa kwa fremu ya kitambaa cha wavu (skrini), inaning'inia kwa kamba ya usumba kwenye misumari ya zamani iliyokuwepo. Maonyesho yakiisha unafungua fundo, unafua, unashona mifuko. Fleksi zetu za mwanzo bado zipo stoo, mita 14, hakuna anayezitaka, mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku miaka mingi lakini hizi kila shughuli zinachapwa upya.

Yale makombe kumi na moja niliyasuuza kwa maji safi, nikayakausha kivulini siku nyingi, nikampelekea babu mwenyewe kwa mkono wangu. Nikamwomba radhi. Akaigeuzageuza ile kauri, akanambia hii aliitoa mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza, akanirudishia. Anataka iwekwe kidaka cha katikati, upande uliopauka uangalie nje, na watu waambiwe imekuwaje. Nimeiweka hivyohivyo. Kile kidaka kilichozibwa bado hatujakifungua, Maalim anasema tusubiri mvua hizi ziishe.