Nilidhani Ni Kuni

Shemeji alipoegesha gari nilimwuliza jengo lenyewe liko wapi. Mbele yetu niliona mawe, vichaka na mlima mkavu umesimama nyuma kama ukuta.

"Si hilo unalolitazama?" akasema, akacheka.

Kituo cha wageni cha hifadhi ya Anza-Borrego, kusini mwa California, kimejifukia ardhini. Kilifunguliwa mwaka 1979. Kuta zake ni za mawe, na paa limefunikwa udongo wa jangwa, juu yake ikaachwa mimea iote. Unaweza kutembea juu ya vichwa vya watu walio ndani usijue. Sababu ni joto: kiangazi bonde lile hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, na udongo hupoza nyumba bila kelele. Sisi tulifika mwezi Februari, jua likiwa na huruma.

Tulikuwa tumetoka San Diego asubuhi. Ni mwendo wa saa mbili hivi, ukipitia Julian, mji mdogo wa mlimani uliozaliwa na dhahabu na ambao siku hizi unaishi kwa pai za matofaa. Hapo Julian kuna misonobari na baridi ya kuvalia sweta. Halafu barabara inaanza kushuka, na kila kona unayokata miti inapungua, mpaka unabaki na mawe na miiba. Milima ile inayakamata mawingu yanayotoka bahari ya Pasifiki, mvua inaishia upande wa magharibi. Huku chini hakifiki kitu: mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Tulipoingia Borrego Springs, mji usio na taa hata moja ya kuongozea magari, ila kipilefti kikubwa katikati, tayari nilikuwa nimeshatoa hukumu yangu: hapa pamekufa.

Ndani ya kituo mlikuwa na ubaridi na mwanga hafifu. Ramani kubwa inaonyesha eneo lote, zaidi ya ekari 600,000, hifadhi kubwa kuliko zote zinazosimamiwa na jimbo la California. Jina lake ni la watu wawili, ukipenda kumhesabu kondoo kuwa mtu. Anza ni Juan Bautista de Anza, mwanajeshi wa Kihispania aliyepita humu mwaka 1774 akitafuta njia ya nchi kavu, kisha akarudi mwaka uliofuata na msafara wa familia na mifugo kuelekea San Francisco. Borrego kwa Kihispania ni kondoo, na anayekusudiwa ni kondoo mwitu wa milimani, mwenye pembe zilizojikunja kama konokono. Tangu 1998 kondoo wa milima hii wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Kilichonishangaza zaidi humo ndani ni ngamia. Mifupa iliyochimbwa katika jangwa hili inaonyesha kwamba zamani paliishi ngamia, farasi na tembo wa kale. Kumbe ukoo wa ngamia ulianzia bara hili la Amerika, ndipo wengine wakavukia Asia. Mimi maisha yangu yote nilidhani ngamia ni mali ya Waarabu na Wasomali tangu siku ya kuumbwa dunia.

Tukatoka nje kwenye bustani. Ni vijia vinavyozunguka jengo na kupanda mpaka juu yake, kila mmea na kibao chake. Si bustani ya kupigia picha za harusi. Kwa dakika tano za kwanza niliona vijiti. Nilisimama mbele ya fungu la fimbo ndefu za kijivu zenye miiba, zimechomoza ardhini mahali pamoja, zikatawanyika juu, bila jani. Mzee mmoja mwenye kofia pana, wa wale wanaojitolea pale, akaniuliza ninauonaje mti ule.

"Umekufa," nikasema. "Hizi ni kuni."

Hakucheka. Alinisogeza karibu, akanionyesha mistari ya kijani iliyojificha kwenye mipasuko ya ganda. Mti unaitwa ocotillo, na ingawa una miiba hauko katika ukoo wa dungusi. Mvua ikinyesha, siku chache tu unavaa majani fimbo nzima. Ardhi ikikauka unayaangusha yote, na unaweza kuvaa na kuvua hivyo mara kadhaa kwa mwaka. Maua ndiyo hayangoji mvua. Kila mwaka majira ya baridi yakielekea kwisha yanatoka, mekundu, hata mti ukiwa mtupu, na ndege wadogo mfano wa chozi wanaosafiri kwenda kaskazini wanakunywa hapo njiani.

Baada ya hapo nilianza bustani upya, kuanzia kwenye lango. Safari hii polepole. Niliuona palo verde, mti uliohamishia kazi ya majani kwenye ganda, shina zima kijani. Nikafika kwenye kichaka cha creosote, ambacho nilikuwa nimekipita kama magugu. Mzee alinifundisha kukizungushia viganja bila kuchuma kitu, nikakipulizia pumzi ya moto, kisha nikanusa. Ilitoka harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi! Yale majani yana utomvu unaoyazuia kukauka, na unyevu wa pumzi ndio unaoiachia harufu. Katika jangwa la Mojave, kaskazini zaidi, kuna kichaka kimoja cha aina hii kinachokadiriwa kuwa kimeishi zaidi ya miaka 11,000 kwa kujichipuza pembeni.

Niliyemkalia muda mrefu kuliko wote ni mti wanaouita mti wa tembo. Shina nene lililovimba chini, ganda linabanduka vipande vyembamba kama karatasi. Nilipokaribisha pua nikahisi kitu ninachokijua. Sikuamini, nikasoma kibao: Bursera. Ni ukoo mmoja na mti wa ubani na wa manemane. Nimekwenda nusu ya dunia nikakutana na jamaa wa chetezo.

Shemeji, ambaye mimea haimhusu sana, alikuwa ameinama kwenye kidimbwi. Mlikuwa na samaki wa urefu wa kidole, madume yamegeuka buluu, yanafukuzana. Wanaitwa pupfish. Wanavumilia maji yanayopita nyuzi 40 na chumvi kuliko ya baharini. Ni masalia ya enzi ambapo maziwa na mito ilikuwa mingi huku. Maji yalipokwenda wao wakabaki kwenye madimbwi. "Wabishi hawa," akasema shemeji, na hilo ndilo neno pekee la sifa alilolitoa siku nzima.

Ubishi wangu mimi ulinigharimu. Cholla ni dungusi anayeonekana kwa mbali ana manyoya laini, na kibao kimeandikwa usimguse. Sikumgusa. Nilirudi nyuma nipate picha, pingili moja iliyoanguka ikanishika kisigino. Miiba ile ina vijino vidogo, ukivuta inazidi kuingia. Mzee alitoa chanuo mfukoni, akaichomeka kati ya pingili na kiatu, akabandua kwa mkupuo mmoja. Kwa wepesi ule nilijua si mimi wa kwanza wiki hiyo.

Mchana tulipanda kidogo korongo la miti jamii ya mnazi, ambalo mafuriko ya Septemba 2004 yaling'oa sehemu ya miti yake. Miti yenyewe ina majani yenye umbo la upepeo kama ya mvumo, na yaliyokauka hayadondoki, yananing'inia shinani kama sketi. Kondoo hatukumwona, tulimtafuta kwenye kila mwamba.

Jioni tulipandia barabara ya Montezuma, inayojikunja ubavuni mwa mlima. Fimbo za kijivu zilikuwa zimejaa pande zote mbili, mamia, na asubuhi nilikuwa nimezipita nikizungumza mambo mengine.

"Kuni zako hizo," akasema shemeji.

Nikamwambia apunguze mwendo. Moja, karibu kabisa na ukingo, ilikuwa imetoa kishada chekundu nchani, na chini yake hapakuwa na jani hata moja.