Faili la zamani, lugha mpya

Leo ofisini tumebadilisha jina la faili moja kongwe, kutoka .js (la JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za wavuti) kwenda .ts (la TypeScript). Hatukuandika upya hata mstari mmoja.

Ni faili la hesabu za mauzo. Walioliandika waliondoka kitambo, na kila mtu huogopa kuligusa.

Likaendelea kupiga kazi kama kawaida.

Microsoft walipoitoa TypeScript mwaka 2012, kazi iliyoongozwa na Anders Hejlsberg, hawakuwaambia watu watupe walichonacho. Waliichukua JavaScript na tabia zake zote za tangu 1995, wakaongeza aina za data juu yake, yaani alama zinazosema kitu ni namba, maandishi au kingine. Aina hizo huondolewa wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo wa TypeScript, na kinachobaki ni JavaScript ambayo kivinjari kinaielewa. Kwangu huo ni uungwana mkubwa kwa waliotutangulia.

Kisha nikaongeza kitu kidogo kwenye fanksheni moja, kusema bei lazima iwe namba:

bei: number

Papo hapo mstari mwekundu wa kuonyesha kosa ukatokea mbali kule chini, mahali bei inaposomwa kutoka kwenye fomu. Ilikuwa inaingia kama maandishi! Yaani "500" ukijumlisha na 200 unapata "500200".

Nimeukodolea macho ule mstari mwekundu kwa furaha. Miaka yote hiyo hitilafu ilikuwa imejificha hapo, na hakuna mteja aliyelazimika kuumia ndipo tuione.

Wakuu mliokwisha kuhamia TypeScript, mlianzia faili gani? Ukaguzi mkali wa aina (strict) mliuwasha siku ya kwanza, au mlikwenda nao mdogo mdogo?