Nilivyoweza kuchambua hadithi fupi bila kukariri noti

Uchambuzi wa hadithi fupi ulinitesa mda mrefu, na wala si kwamba hadithi yenyewe ilikuwa inanishinda, hapana, kasheshe inaanza ukishaambiwa eleza wahusika, migogoro na tamathali za semi, yaani zile mbinu za kupamba lugha. Hapo wengi tunaandika orodha, mhusika mkuu flani, ana tamaa, ana majivuno, tashbihi (kufananisha kitu na kingine) ipo aya ya kwanza, basi. Maksi zinakuja kiduchu na unashangaa, mbona kila kitu nimekitaja?

Mi nilifunguka macho kwa hadithi ya mkufu, ya yule Mfaransa Guy de Maupassant, ya mwaka 1884. Kwa asieijua: Mathilde ni mke wa karani wa wizara, wanaalikwa kwenye dansi la wakubwa, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, unapotea, wananunua mwingine kwa faranga 36,000 za kuungaunga na mikopo, wanasota miaka 10 kulipa, alafu ndo anakuja kuambiwa ule wa kwanza ulikuwa feki, haukuzidi faranga 500.

Nilichofanya, badala ya kuuliza huyu mama yukoje, nikauliza anaogopa nini. Nikairudia hadithi na penseli, kila anapoona aibu napiga mstari. Sasa kuna sehemu watu wanaipita tu. Dansi limeisha, ni saa kumi alfajiri, mume anamtupia mabegani nguo yake ya kujifunika, ile ya kila siku, na pale pembeni wanawake wengine wanajifunika manyoya ya bei mbaya. Mathilde hataki wamwone. Mume anamwambia subiri nikaite gari, nje utapata baridi, wapi, hasikii, anashuka ngazi mbio. Wanafika nyumbani shingo tupu! Mkufu ulidondoka wapi hasa hatuambiwi, ila yeye anakumbuka aliushika wakiwa bado ukumbini kwenye kutoka, kwa hiyo umepotea kwenye hizo haraka zake za kukimbia aibu. Kitendo kimoja tu hicho kimekupa tabia yake na mgogoro wake na tukio linalosukuma hadithi nzima, huna haja ya kuviandikia vichwa vya habari vitatu.

Na hapo ndo nikaona kwa nini lile jibu la "mgogoro ni kati ya Mathilde na umaskini" halitoshi. Umaskini gani, mbona mwanzoni nyumbani kwake kuna msichana wa kazi? Anapambana na nafsi yake, na lile tabaka analolitamani. Umaskini wenyewe unakuja baadae, na ameuleta mwenyewe, maana angesema ukweli siku ile ile kwamba mkufu umepotea hadithi ingeishia hapo.

Tamathali za semi ndo zilikuwa ugonjwa wangu zaidi. Siku hizi nikiona moja nauliza, haya ni macho ya nani? Mwanzoni kabisa tunaambiwa Mathilde alizaliwa kwenye familia ya makarani kana kwamba majaliwa yalikosea. Kusema tu hii ni tashbihi haitoshi. Msimulizi hapo anaongea kama Mathilde mwenyewe anavojiona, yaani anatuingiza kichwani mwake bila kubisha hodi, na ukishaelewa hivo unaanza kumsoma msimulizi kwa mashaka kidogo. Mkufu nao ni taashira, yaani unasimama badala ya kitu kingine, sawa, kila mtu anaandika, ila mi niliandika kuhusu lile boksi: Mathilde anaurudisha mkufu mpya huku roho juu asije akagundulika, na rafiki yake wala hafungui boksi kuangalia. Kinaya chote, yaani mambo kuwa kinyume na yanavyoonekana, kimekaa humo.

Mume sikumpa nafasi kwenye insha na najutia kidogo, maana mtu katoa faranga 400 alizojiwekea za kununua bunduki ya kuwindia ndege, mke akanunue gauni, na wachambuzi wengi wanamtaja kwa mstari mmoja tu eti ni mpole.