Picha ya cherehani

Jumatatu huwa sipokei simu kabla ya saa nne asubuhi. Jumamosi nimeshinda kwa miguu, Jumapili nimeamkia kunakili picha kwenye diski mbili, magoti yananidai. Jumatatu ile namba ngeni ilipiga mara saba. Ya nane nikapokea, maana mtu anayepiga mara nane ama ana msiba ama ana harusi.

"Ni wewe yule binti wa kamera?"

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Marahaba. Mimi shangazi yake bibi harusi wa juzi. Naulizia picha yangu na ile cherehani."

Nikamwambia picha zinatoka baada ya wiki tatu, ndivyo tulivyoandikiana na maharusi. Akasema hana haraka, anataka tu kujua kama ipo. Nikasema ipo. Ndivyo tunavyosema sote kwenye kazi hii, kila kitu kipo. Nikawasha kompyuta nihakikishe, na hapo ndipo usingizi uliponitoka. Picha 2,618. Cherehani hakuna.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Miezi hiyo sisi ndio tunavuna: Kwaresima imepita, masika yamekatika, na kila aliyechumbiwa anataka ukumbi siku ileile. Nilikuwa saluni Sinza tangu saa mbili asubuhi. Bibi harusi aliambiwa kupambwa kutachukua saa mbili, zikawa nne, na mimi nikapiga viatu, pete, gauni kwenye hanga, viatu tena. Kanisani saa nane, padre akatuita wapiga picha pembeni kabla ya misa na kutuonesha ngazi ya altare: "Mkivuka hapa, nasimamisha ibada." Hatukuvuka.

Tulipotoka ilikuwa saa kumi na robo. Bibi harusi akanishika mkono. "Dada, ile ya jua linazama baharini usisahau."

Hili naliandika hapa ili siku nyingine niwe natuma tu linki. Wapenzi maharusi watarajiwa, bahari ya Dar iko mashariki. Jua letu linachomoza baharini na kuzama Kimara. Zile picha mnazotumiana, jua jekundu linagusa maji, zimepigwa Unguja, kule Forodhani, ambako mji unatazama magharibi. Ukisimama Coco Beach saa kumi na mbili jioni jua liko mgongoni kwako, juu ya nyumba za watu. Si kwamba ni baya. Mwanga ule unawapiga maharusi usoni, laini, na bahari nyuma yao inageuka rangi ya chungwa lililochujuka. Mimi naupenda kuliko lile jua lenyewe. Lakini mteja anataka jua. Dawa yake ni kuvuka Kigamboni, usimame upande wa feri uangalie mjini, linazama nyuma ya maghorofa ya Posta na maji yako mbele. Sasa mvushe mtu mwenye gauni la mkia mita tatu kwenye pantoni Jumamosi jioni, halafu umrudishe ukumbini Tabata.

Tukaenda Coco Beach. Mwezi wa saba jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na huku kwetu giza halibembelezi. Jua likishatua una dakika ishirini hivi, basi. Msafara ukapita Daraja la Tanzanite, kwa sababu tangu lilipofunguliwa 2022 hakuna harusi inayokubali kwenda Coco kwa njia nyingine, matarumbeta yakiwa mbele kwenye pikapu, na mimi kichwa na kamera nje ya dirisha la gari la pili. Pale ufukweni nilipata dakika kumi na moja za mwanga mzuri. Nne zilikwenda kwa wajomba waliotaka kupiga na maharusi kwa simu zao. Saba zilizobaki ndizo picha zangu bora za mwaka ule, na bibi harusi mpaka leo ameweka moja kwenye profaili.

Ukumbini ndiko kulikokuwa na kazi yenyewe. Mpambaji alikuwa ameifunika dari yote kwa vitambaa vya zambarau. Kwa mtu wa kawaida ni mapambo. Kwangu mimi ni msiba mdogo, kwa sababu flashi sipigi usoni kwa watu, naielekeza juu ili mwanga ugonge dari na kushuka taratibu. Dari likiwa jeupe, watu wanatoka kama walivyo. Likiwa zambarau, gauni jeupe linakuwa la zambarau na bwana harusi anafanana na mtu aliyekabwa. Ongeza taa za jukwaani, bluu na kijani, zinazozunguka kwa kufuata muziki. Nikamwomba kijana wa taa aziweke nyeupe walau wakati wa keki. Akanijibu kamati imelipia rangi.

Ikabidi niigeuzie flashi ukuta wa nyuma, pekee uliobaki mweupe, na usiku kucha nikawa natembea kinyumenyume kuufuata ukuta ule kama kaa. Na ngozi zetu hizi, kando ya gauni jeupe, kamera haizijui. Ukiiachia yenyewe inaangalia gauni, inaona mwanga mwingi, inapunguza, na bibi harusi anatoka meno na macho. Lazima umpimie mwanga usoni. Halafu wiki tatu baadaye mtu anakutumia ujumbe: dada hebu nipunguze weusi kidogo. Sipunguzi. Hilo nimeliandika kwenye mkataba, kifungu cha tisa.

Kifungu cha kumi kinasema mpiga picha na msaidizi wake watapewa chakula. Nilikiongeza baada ya miaka mitatu ya kula mihogo ya kukaanga saa saba za usiku njiani kurudi nyumbani. Kamati hukisoma, hukubali, na siku ikifika sahani huhesabiwa kwa kadi, singo moja, dabo mbili, na sisi hatuna kadi. Usiku ule mama mmoja wa upishi alinihurumia. Saa nne na nusu akaniita kwa kidole kutoka mlango wa nyuma. Nikamuuliza emsii ratiba, akasema kamati ndiyo inaanza kutoa zawadi, wako wengi, upande wa baba bado sana. Nikamwachia msaidizi wangu kamera ya pili, nikaenda kukaa juu ya kreti ya soda na sahani ya pilau na paja la kuku. Dakika saba, labda nane. Nilikuwa sijala tangu chapati ya saa kumi na mbili asubuhi.

Emsii akageuza ratiba. Wa kamati walikuwa hawajamaliza kukusanyana, akaona ukumbi unapoa, akaita upande wa baba. Shangazi akaingia anacheza.

Msaidizi wangu alipiga picha tatu. Ya kwanza, kiwiko. Ya pili, kilemba cha mtu mwingine kikali sana, kimetoka vizuri. Ya tatu imetikisika kiasi kwamba unaweza kusema ni jeneza. Nikampigia mtu wa video, akasema shangazi yupo, ila emsii amesimama katikati na kinachoonekana ni mgongo wa koti lake linalometameta. Akanikatia hiyo sehemu akanitumia. Kweli. Sekunde arobaini za mgongo.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Jumatano nikampigia shangazi nikamweleza ukweli, pamoja na pilau. Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama imekatika.

"Mwanangu," akasema, "ile cherehani si yangu peke yangu."

Akanisimulia. Yeye ni wa Ifakara. Kadi ya mchango ilipomfikia, hela taslimu hana, lakini ana wenzake kumi na wanne wa kikoba, wote walimlea yule binti likizo hadi likizo. Wengine walitoa elfu kumi, wengine waliuza mpunga. Wakanunua cherehani ya kukanyaga, mpya, kichwa ndani ya boksi, meza na miguu vimefungwa kwa kamba ya katani. Ikapanda basi. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, makuli walitaka elfu kumi na tano kuishusha na kuipandisha kwenye bajaji, akagombana nao mpaka wakakubali elfu saba. Dereva wa bajaji akaendesha hadi Segerea mguu mmoja wa cherehani ukiwa nje. Kisha ukumbini aliifungua mwenyewe, akaiunga, akaifuta mafuta, akaibeba na wanawe wawili wakiingia nayo kwa muziki.

"Sasa nikirudi, wenzangu nitawaonesha nini? Picha ndiyo risiti yangu."

Mimi nina miaka tisa kwenye kazi hii. Nimejifunza mwanga, nimejifunza kumtuliza bibi harusi anayelia kwa sababu ya kope za bandia. Zawadi nilikuwa nazipiga kwa mkono mmoja, ule mstari wa mablanketi na masufuria na friji zilizofungwa utepe, kila kundi na picha yake, twende, linalofuata. Kwenye albamu nazibana sita kwenye ukurasa mmoja ili nafasi ibaki kwa zile za ufukweni. Nilipokata simu na shangazi nikafungua albamu za zamani nikaanza kuhesabu ni akina shangazi wangapi nimewabana sita sita. Nikaacha kuhesabu.

Bahati yake na yangu, alikuwa anabaki Dar wiki mbili kwa matibabu ya macho. Tukapanga Alhamisi iliyofuata tupige upya, nyumbani kwa maharusi, Kinyerezi.

Gauni lilikuwa la kukodi, limesharudishwa. Bibi harusi akavaa kitenge cha sendofu. Shangazi alikuja na sare ileile ya upande wa baba, imepigwa pasi, kilemba kilekile, na kitambaa cheupe cha daktari juu ya jicho la kushoto, ambacho alikitoa mlangoni na kukiweka ndani ya pochi. Bwana harusi alivaa koti la suti na tai juu, chini bukta ya mpira. Alidhani napiga kuanzia kiunoni.

"Vaa suruali, baba," shangazi akamwambia bila hata kumwangalia. "Cherehani ina miguu. Wenzangu wanataka kuona miguu."

Akaenda kuvaa.

Cherehani ilikuwa imeshaanza kazi. Bibi harusi alikuwa anapinda mapazia ya sebuleni, pazia moja liko chini ya sindano, nusu limeshonwa. Nilitaka kuliacha. Kwa macho yangu ile ndiyo ilikuwa picha, zawadi iliyokwishaingia nyumbani. Shangazi akasema litolewe. Zawadi inapokelewa ikiwa mpya, hajaja kupiga picha ya fundi. Akaifuta tena kwa khanga, akatoa utepe mwekundu ndani ya pochi (alikuwa ameuhifadhi!) na kuufunga palepale ulipokuwa ule usiku, kwenye gurudumu. Halafu akauliza muziki uko wapi.

Tukaweka wimbo kwenye simu. Akatoka nje, akaingia upya akicheza, wale wanawe wawili hawapo kwa hiyo mimi na bwana harusi tulishaisogeza cherehani mlangoni, akaishika kama anaibeba. Bibi harusi alipiga magoti kupokea. Dirisha la sebule linatazama kusini, saa tano asubuhi, mwanga umetulia kama maziwa, dari jeupe. Nilipiga picha thelathini na sita. Bibi harusi alianza kwa kucheka na kwenye ya ishirini na kitu alikuwa analia, na sijui ni ipi kati ya hizo mbili ambayo ingetokea usiku ule wa zambarau.

Kwenye albamu nimeiweka palepale inapostahili, baada ya keki, kabla ya kamati, ukurasa mzima. Mtu makini ataona bibi harusi amebadilisha nguo kwa dakika tano na ukumbi umekuwa sebule. Hakuna aliyeuliza mpaka sasa.

Ya shangazi niliichapisha nane kwa kumi, nikaiwekea fremu, nikaipakia kwenye basi la Ifakara. Siku ya tatu simu ikalia. Saa moja asubuhi.

"Imefika, mwanangu. Wenzangu wote wako hapa, tunaiangalia. Nzuri sana. Lakini mbona mguu mmoja umeukata?"

Nikamwambia haiwezekani. Nikaenda kwenye kompyuta. Kamera yangu inatoa picha ndefu, mbili kwa tatu, na karatasi ya nane kwa kumi ni fupi, lazima ikate pembeni kidogo. Upande wa bwana harusi ilikula ukuta. Upande wa pili, chini, ilikula mguu wa nyuma wa cherehani, ule uliokuwa nje ya bajaji kwa nijuavyo mimi.

"Nakuchapishia nyingine, shangazi."

"Na hii tunayo. Ila wameshaanza kuuliza kama ilifika na miguu yote."