Manowari na bomba tatu: kumbukumbu ya ukuta wangu wa majina

Januari

Ukuta wa chumba cha nyuma nimeupaka chokaa upya na kupigilia misumari midogo kutoka dirishani hadi mlangoni. Mpango ni huu: kila jina la manowari lina uzi wake, na kila meli iliyowahi kuitwa jina hilo ni kadi inayoning'inia kwenye uzi. Kadi ya buluu ni ya meli iliyojengwa ikaingia kazini. Kadi nyeupe ni ya ile iliyoishia kwenye makaratasi au chelezoni. Nachukua karne ya ishirini peke yake, na lazima kila uzi uanze na meli iliyofika pwani yetu au kwenye maziwa yetu.

Nimeanza na Königsberg, manowari ya Wajerumani. Sioni kama ningeweza kuanza na nyingine, maana mjomba wangu ni mtu wa Rufiji, na hadithi ya meli iliyofia kwenye mikoko nimekua nayo.

Februari

Uzi wa Königsberg umekamilika, kadi tatu za buluu.

Ya kwanza ilishushwa majini Kiel, Desemba 1905, na kuingia kazini 1907. Urefu mita 115, mizinga kumi ya milimita 105. Ilitia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914. Vita vilipoanza ilikuwa tayari imetoka bandarini, na tarehe 6 Agosti iliikamata City of Winchester ng'ambo ya Oman ikiwa na shehena ya chai, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kupotea katika vita vile. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliikuta Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Zanzibar ikitengenezwa, ikaipiga kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Vipande vilivyovunjika vilisafirishwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa. Hapo nimeandika kwa kalamu nyekundu: "wapagazi". Vitabu vya meli vinamtaja nahodha, Max Looff, lakini waliobeba vyuma vile mabegani hawakuandikwa majina, na kazi yao ndiyo iliyofufua meli. Tarehe 11 Julai 1915 Looff aliizamisha mwenyewe baada ya kupigwa vibaya.

Kadi ya pili ndiyo iliyonikalisha usiku. Königsberg nyingine ilishushwa majini Bremen tarehe 18 Desemba 1915. Kati ya kufa kwa ile ya Rufiji na kuzinduliwa kwa hii ni miezi mitano! Meli ilikwishaanza kujengwa tangu 1914, ila jina lilikuwa bado, kwa sababu Wajerumani walikuwa na desturi ya kuipa meli mpya jina la muda: *Ersatz*, yaani badala, kisha jina la meli kuukuu inayopokewa nafasi. Kwa hiyo mafundi walikuwa wakigongomea mabati ya "Badala ya Gazelle". Ndugu zake watatu katika kundi lile waliitwa Karlsruhe, Emden na Nürnberg. Karlsruhe ya awali ililipuka Novemba 1914, Emden iliangamia mwezi huohuo kwenye visiwa vya Cocos, Nürnberg ikazama Desemba karibu na visiwa vya Falkland. Ni kundi zima la meli zilizorithi majina ya marehemu. Sisi pia humpa mtoto jina la babu aliyefariki, kwa hiyo nilielewa mara moja wanachotafuta.

Meli hiyo ya pili ndiyo iliyompeleka Hugo Meurer, amirali Mjerumani, hadi Scotland, Novemba 1918, kuzungumza masharti ya kusalimisha kundi zima la manowari za Ujerumani. Mwaka 1920 ikakabidhiwa Ufaransa na kubadilishwa jina kuwa Metz, mji ambao Wajerumani walikuwa wameushikilia tangu 1871 hadi 1918. Waliochagua jina hilo walijua wanamwambia nani. Ilivunjwa 1936.

Ya tatu ilishushwa majini 1927. Tarehe 9 Aprili 1940 ilijeruhiwa na mizinga ya pwani ya Norway, na kesho yake ndege za Waingereza aina ya Skua zikaimalizia ikiwa bandarini Bergen. Ilikuwa manowari kubwa ya kwanza vitani kuzamishwa na ndege zinazopiga mbizi kudondosha mabomu. Baada ya hapo uzi unaishia. Mji wenyewe wa Königsberg tangu 1946 unaitwa Kaliningrad na uko Urusi.

Machi

Nimefanya kosa na nimelirekebisha, ila naliandika ili nisilirudie. Kwenye uzi wa Pegasus nilining'iniza kadi mbili kumbe zinatakiwa tatu. Nilidhani Pegasus iliyobeba ndege wakati wa vita vya kwanza ndiyo ileile iliyokuwepo vita vya pili. Sivyo. Baada ya ile ya Zanzibar (iliyoshushwa majini 1897, kwa hiyo nimeipokea kwa sababu ya kifo chake cha 1914), ilikuja ya 1917, meli iliyoanza kujengwa kwa ajili ya kampuni ya reli kisha ikageuzwa kubeba ndege za kutua majini. Ikavunjwa 1931. Ya tatu haikuzaliwa Pegasus. Ilikuwa Ark Royal ya 1914. Mwaka 1934 Waingereza walilihitaji jina Ark Royal kwa meli mpya kubwa ya kubeba ndege, wakamvua mzee jina lake na kumvika Pegasus. Ark Royal mpya ilizamishwa 1941, naye mzee aliyenyang'anywa jina akamaliza vita salama.

Pegasus ni farasi mwenye mabawa katika ngano za Wagiriki. Ya kwanza, iliyolala Zanzibar, haikuwa na chochote chenye mabawa. Mbili zilizofuata zote zilibeba ndege. Nilipoliona hilo nilisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu nikiwa na furaha kubwa.

Aprili, mvua

Siku nne sijatoka, nikapata nafasi ya kushughulika na Severn na Mersey, meli zilizoimaliza Königsberg. Hizi zimenibadilishia mpango mzima.

Nilikuwa nimeandika kwamba ni mito ya Uingereza, basi. Lakini kwa nini Uingereza, yenye bahari pande zote, iwe na meli bapa zinazohitaji kina kisichofika mita 2 za maji? Jibu ni kwamba hazikujengwa kwa ajili yake. Brazili iliziagiza tatu kwa kampuni ya Vickers, huko Barrow, Uingereza, ziende zikalinde maji ya Amazon, na majina yake yalikuwa Solimões, Madeira na Javary, yote ya mito ya kwao. Fedha zikawashinda. Agosti 1914 Waingereza wakazinunua, na Solimões ikawa Severn, Madeira ikawa Mersey, Javary ikawa Humber. Aliyebadilisha alifuata utaratibu uleule, mto kwa mto.

Mbili kati yake zilivutwa kutoka Malta, zikapita Bahari ya Shamu hadi Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia deltani na kurudi bila kumaliza kazi. Tarehe 11 zikarudi tena, ndege zilizoruka kutoka Mafia zikiziambia kutoka juu makombora yanaangukia wapi. Fikiria basi: meli yenye jina la mji wa Prussia, imejificha ndani ya Rufiji, inapigwa na meli zenye majina ya mito ya Uingereza zilizotengenezwa kwa ajili ya mito ya Brazili.

Sasa Solimões niiweke kadi gani? Chuma chake kilijengwa na kikapigana, jina halikuwahi kupigana. Nimezungusha hili kichwani siku mbili. Uamuzi wangu: kadi nyeupe kwa jina, kadi ya buluu kwa meli, na uzi mwembamba mwekundu unaoziunganisha. Kuanzia leo kadi nyeupe haina maana ya meli isiyojengwa tu. Ni jina ambalo halikwenda baharini.

Mei na Juni

Kadi nyeupe zimeongezeka. Baada ya kundi la Königsberg ya pili, Wajerumani walipanga meli kumi za kundi la Cöln. Zilizokamilika ni mbili, Cöln na Dresden. Tano zilishushwa majini zikiwa na majina kamili, Wiesbaden, Magdeburg, Leipzig, Rostock na Frauenlob, na zote tano ni majina ya meli zilizokwishapotea vitani, lakini hakuna hata moja iliyomalizwa. Zilivunjwa vita vilipokwisha. Tatu za mwisho hazikupata hata jina. Hadi mwisho ziliitwa "badala ya" fulani. Hizi ziko nje ya sharti langu la pwani, kwa hiyo nimezitundika chini, karibu na sakafu, kama mizizi ya uzi wa kwanza. Sikuweza kuziacha.

Graf Spee nimeipokea kwa mlango mwembamba. Maximilian von Spee, amirali Mjerumani, alikufa Falkland, Desemba 1914, siku moja na wanawe wawili, kila mmoja kwenye meli yake. Manowari kubwa yenye jina lake ilishushwa majini 1917 na haikukamilika: nyeupe. Ya pili, Admiral Graf Spee ya 1934, iliizamisha Africa Shell, meli ya Waingereza, katika Mlango wa Msumbiji, Novemba 1939, na mwezi uliofuata ikazamishwa na nahodha wake nje ya Montevideo: buluu. Msumbiji ni jirani, inatosha.

Julai

Mjomba alikuja kutoka Kibiti. Baada ya chai nikampeleka chumba cha nyuma. Akautazama ukuta taratibu, mikono mgongoni.

"Mjomba, mbona jina lake hujaliweka?"

"Lipo, mjomba. Hili hapa, Königsberg."

"Hilo la wenyewe. Bibi yangu hakulijua hilo. Wao walisema manowari na bomba tatu."

Nilikuwa nimelisoma jina hilo, maana hata vitabu vya Wazungu vinalitaja. Lakini kulisoma ni kitu kimoja na kulisikia likitoka kinywani mwa mtu aliyelirithi ni kitu kingine. Mwalimu wa leo angelisahihisha, aseme "yenye mabomba matatu", au "dohani tatu". Mimi nimeliandika kama alivyolitamka.

Jina la serikali ni la mji wa mbali. Linahama kutoka meli hadi meli na hakuna anayeweza kulitambua kwa macho. Jina la watu wa pwani lilikuwa la meli waliyoiona ikitoa moshi, na unaweza kuzihesabu dohani kwenye picha: moja, mbili, tatu. Nikazikagua kadi nyingine. Ya 1915 nayo ilikuwa na tatu, ila haikuja huku. Ya 1927, ile ya Bergen, ilikuwa na mbili tu. Jina la Königsberg iliweza kulirithi, lakini lile la bibi yake mjomba lisingeikaa kamwe.

Nimetengeneza kadi ya rangi ya tatu, kahawia, rangi ya maji ya Rufiji wakati wa masika. Ipo moja tu na haina uzi, ina msumari wake peke yake kando ya kadi ya kwanza.

Agosti

Kazi inayofuata ni mizinga. Yote kumi ilitolewa deltani na kutumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kufungwa kwenye Graf von Goetzen, meli iliyoletwa kutoka Papenburg kwa vipande na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915, ikiwa na jina la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Wajerumani waliizamisha 1916. Waingereza waliiibua 1924, na ilipoingia kazini tena 1927 iliitwa Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe.

Kadi ya Liemba nimekwishaikata. Bado sijaamua rangi. Kahawia imebaki kipande kimoja, na kesho asubuhi nampigia mjomba nimuulize.